Betri Inaliwa Wapi? Kuchagua Redio ya Kifaa Kinachoendeshwa na Maikrokontrola

Tuchukue tangi la maji la lita 5000 lililosimikwa juu ya kilima, mita 800 kutoka kwenye nyumba inayolitegemea. Kila mara mwenye nyumba anapotaka kujua kama maji yamebaki nusu au yamekwisha, hana budi kumtuma mtu apande akaligonge tangi kwa mkono na kusikiliza mahali mlio unapobadilika. Sasa anaamua kuweka kihisi cha kupima kina cha maji, maikrokontrola (kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja) ya kukisoma kihisi hicho, na moduli ya redio ya kupeleka jibu nyumbani kila baada ya dakika 15. Umeme haufiki kilimani, kwa hiyo kifaa kitategemea betri ya lithiamu ya aina ile ya mviringo iitwayo 18650, yenye ujazo wa miliampea-saa 2500. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wauzaji hulijibu kwa wepesi mno: anunue moduli ipi? Karibu kila moduli dukani imeandikwa kwamba hutumia umeme kidogo, na kwa namna fulani maandishi hayo ni ya kweli, kwa kuwa kila mtengenezaji ametaja kipimo kile kinachoipendezesha bidhaa yake.

Kosa ambalo nimeliona likirudiwa mara nyingi, nami pia nimelifanya, ni kulinganisha moduli kwa mkondo zinaotumia wakati wa kurusha mawimbi. Mara nyingi mkondo huo ndio mkubwa kuliko yote na ndio unaoandikwa kwa herufi kubwa, lakini hudumu kwa muda mfupi sana. Betri haijui mkondo wa juu kabisa ulikuwa kiasi gani. Inachokijua ni jumla ya chaji iliyotoka ndani yake kutwa nzima, yaani kila mkondo ukizidishwa kwa muda uliodumu. Kifaa chetu kinaamka mara 96 kwa siku, na kati ya kuamka kumoja na kwingine kinalala karibu dakika 15 kamili. Kwa hiyo maswali yenye maana ni haya: kinalala kwa mkondo gani, kikiamka kinachukua muda gani kumaliza kazi, na je, kuna wakati wowote kinalazimika kukaa macho kikisikiliza?

Tuanze na Wi-Fi, kwa sababu ndiyo ambayo wengi wanaanza nayo. Chipu ya ESP8266 ya kampuni ya Espressif, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014, na ndugu yake ESP32 iliyofuata mwaka 2016, zina maikrokontrola na redio ndani ya kipande kimoja, na bei yake ni ndogo. Katika usingizi mzito ESP8266 hutumia takriban maikroampea 20 (maikroampea ni sehemu moja ya elfu ya miliampea), ilimradi pini ya GPIO16 imeunganishwa na pini ya RST, la sivyo hulala isiamke tena. Ikiamka inapaswa kuitafuta ruta, kujitambulisha kwake, kupewa anwani, ndipo itume ujumbe, na wakati wa kurusha mkondo wake hufika miliampea 170 au zaidi. Tukadirie kwamba safari yote hiyo inachukua sekunde 4 kwa wastani wa miliampea 80. Hizo ni miliampea-sekunde 320 kwa kila ujumbe, nazo zikizidishwa mara 96 na kugawanywa kwa 3600 zinatupa miliampea-saa 8.5 kwa siku. Usingizi wa siku nzima unaongeza karibu 0.5 tu. Jumla ni 9, na betri yetu ingedumu karibu miezi tisa.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa chipu peke yake, na hapo ndipo nilipoangukia. Kifaa changu cha kwanza cha namna hii nilikiendesha kwa betri nne za AA kupitia bodi ya kawaida ya majaribio yenye ESP8266, ile yenye tundu la USB pembeni, nikiwa na uhakika kwamba sitaigusa kabla ya miezi minane. Haikutimiza wiki tatu. Chipu ilikuwa inalala vizuri kabisa. Ambaye hakulala ni regyuleta ya volti iliyokuwa pembeni yake, yaani kipande kinachoishusha volti ya betri hadi ile inayotakiwa na chipu. Bodi nyingi za bei nafuu zimefungwa regyuleta ya AMS1117, ambayo kwa kufanya kazi yake tu, hata kama hakuna chochote kinachotumia umeme upande wa pili, hula takriban miliampea 5. Zidisha kwa saa 24 upate miliampea-saa 120 kwa siku, zaidi ya mara kumi na tatu ya vyote vinavyotumiwa na Wi-Fi pamoja na usingizi wake. Hapo hatujahesabu taa ndogo nyekundu inayowaka muda wote kuonyesha kwamba bodi ina umeme, wala chipu ya USB ambayo kilimani haina wa kuzungumza naye.

Kwa betri ya lithiamu regyuleta hiyo ina ubaya mwingine. Ili itoe volti 3.3 inahitaji kupokea karibu volti 4.4, ilhali seli ya lithiamu iliyojaa kabisa ina volti 4.2 na hushuka kadiri inavyotumika, hivyo kifaa huanza kuyumba wakati betri bado ina chaji nyingi. Regyuleta kama MCP1700 hutumia maikroampea 1.6 tu na huridhika na tofauti ndogo ya volti, lakini uwezo wake unaishia miliampea 250, kiwango ambacho Wi-Fi inaweza kukipita kwa kitambo kidogo inapowaka. Kwa hiyo wanaoitumia huweka kapasita kubwa, kipande kinachohifadhi chaji kwa muda mfupi, kwenye njia ya umeme ili ibebe kilele hicho. Njia nyingine ninayoipenda ni kutumia seli ya lithiamu yenye fosfati ya chuma, ambayo volti yake ya kawaida ni 3.2, na kuiunganisha moja kwa moja na moduli ya volti 3.3 pasipo regyuleta yoyote katikati. Jambo la kushika ni kwamba mtu anayelinganisha redio mbili zilizofungwa kwenye bodi tofauti, kwa kweli huenda analinganisha regyuleta mbili.

Sasa tuitazame moduli ndogo ya nRF24L01+ ya Nordic Semiconductor, inayotumia masafa ya gigahezi 2.4 kama Wi-Fi lakini kwa itifaki (kanuni za mazungumzo) nyepesi ya kwake yenyewe. Hairuki hatua ya kujitambulisha kwa ruta, kwa sababu hatua hiyo haipo kabisa: inaamka, inarusha pakiti isiyozidi baiti 32, kisha inalala kwa mkondo usiofika maikroampea 1. Inaporusha kwa nguvu yake kamili hutumia miliampea 11.3, na kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde pakiti nzima hupita hewani kwa muda wa milisekunde moja na kidogo. Ukifanya hesabu ya ujumbe 96, utakuta chaji inayotumika kurusha kwa siku nzima haifiki hata elfu moja ya miliampea-saa. Mtu akiona tarakimu hiyo hudhani amemaliza kazi.

Lakini upande wa pili lazima awepo anayesikiliza, na redio haiwezi kusikia ikiwa imelala. Moduli hiyo hiyo inapopokea hutumia karibu miliampea 13, zaidi ya zile za kurusha, na kwa kuwa mpokeaji hajui ujumbe utafika saa ngapi, hukaa macho mchana na usiku, akila zaidi ya miliampea-saa 300 kwa siku. Kama mpokeaji yuko nyumbani kwenye umeme wa ukutani, hakuna tatizo. Kama na yeye yuko shambani kwa betri, basi mradi umekwama kabla ya kuanza, na kubadili aina ya moduli hakutausaidia. Katika redio hizi ndogo kusikiliza ndiko kunakokula betri, na mtu anayepanga kifaa chake anapaswa kuamua mapema ni nani atakayebeba mzigo huo. Hata yule anayetaka kufungua bomba la umwagiliaji kwa amri kutoka mbali hana budi kulijibu swali hili kwanza: je, bomba lisikilize muda wote, au liamke kila baada ya dakika chache liulize kama lina ujumbe wake? Njia ya pili huokoa betri, na gharama yake ni kuchelewa kwa amri.

Wazo hili la kurusha bila kujitambulisha linapatikana pia kwenye chipu za Espressif kwa njia iitwayo ESP-NOW, ambayo katika toleo lake la kwanza hutuma hadi baiti 250 moja kwa moja kutoka chipu hadi chipu bila kupitia ruta, na sekunde nne za hesabu yetu hupungua hadi sehemu ndogo ya sekunde. Kwa mtu mwenye ESP tayari mkononi na umbali usio mkubwa, ningemshauri aijaribu kabla ya kununua kitu kingine.

Bluetooth na Zigbee nitazipitia kwa haraka, kwa kuwa kwenye mradi wa tangi hazina nafasi. Bluetooth ya umeme mdogo iliingizwa katika toleo la 4.0 mwaka 2010, nayo ni kitu tofauti na Bluetooth ya zamani iliyomo kwenye moduli maarufu ya HC-05. Wanaonunua HC-05 kwa ajili ya kifaa cha betri hujuta. Nguvu ya Bluetooth mpya ni kwamba mpokeaji tayari yuko mfukoni mwa kila mtu, yaani simu, na chipu kama nRF52832 inaweza kuishi miezi mingi kwa betri ya sarafu ya CR2032. Zigbee imejengwa juu ya kiwango cha IEEE 802.15.4, na sifa yake ni kwamba vifaa hupokezana ujumbe kama watu wanaopitishiana ndoo kutoka kisimani. Sifa hiyo ni nzuri ndani ya jengo lenye umeme, kwa sababu vile vifaa vya katikati vinavyopokezana ujumbe haviruhusiwi kulala.

Kwa mita 800 za kilimani, mazungumzo ya kweli ni kuhusu LoRa. Teknolojia hii ilianzia kwenye kampuni changa ya Cycleo huko Grenoble, Ufaransa, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012, na chipu zake za SX1276, SX1278 na SX1262 ndizo zilizomo kwenye moduli nyingi zinazouzwa. Badala ya kupaza sauti, LoRa husema polepole: kila kipande cha habari hutandazwa kwenye mawimbi kwa muda mrefu, na mpokeaji anaweza kukitambua hata kikiwa kimezama chini ya kelele za hewani. Kiwango cha kutandaza, kwa Kiingereza spreading factor, kwa kawaida huandikwa kuanzia SF7 hadi SF12. Kila unapopanda ngazi moja, usikivu huongezeka kwa takriban desibeli 2.5, na muda wa ujumbe kukaa hewani hukaribia kuongezeka maradufu.

Nasisitiza ngazi hizi kwa sababu zinafutilia mbali usemi kwamba LoRa siku zote hutumia umeme kidogo. Chukua ujumbe wa baiti 10 ukiwa na kichwa cha baiti 13 kinachowekwa na LoRaWAN, itifaki ya mtandao inayojengwa juu ya LoRa, katika upana wa masafa wa kilohezi 125. Kwa SF7 unakaa hewani milisekunde 62. Ujumbe ule ule kwa SF12 unakaa hewani karibu sekunde moja na nusu. Chipu ya SX1276 ikirusha kwa miliampea 87, ujumbe 96 wa SF7 utatumia miliampea-saa 0.14 kwa siku, ilhali kwa SF12 utatumia 3.4, mara ishirini na nne zaidi. Linganisha tarakimu hiyo ya mwisho na ile 8.5 ya Wi-Fi, utaona kwamba LoRa iliyowekwa vibaya haiko mbali sana na ile redio ambayo kila mtu huiita mlafi. Upande wa SF7 nao una funzo lake: ikiwa kifaa kinalala kwa maikroampea 5, usingizi wa siku nzima ni miliampea-saa 0.12, karibu sawa na kurusha kote, na kuanzia hapo hakuna faida kubwa ya kuhangaika na redio. Kilichobaki ni kupunguza kinachovuja wakati wa kulala.

Kwa sababu hiyo, mtu ambaye ujumbe wake haufiki asikimbilie kupandisha SF. Kwanza aiinue antena. Kati ya SF7 na SF12 kuna tofauti ya desibeli 13 hivi, na antena iliyolazwa juu ya bati, iliyofichwa nyuma ya tangi lililojaa maji, au iliyozungukwa na migomba iliyolowa mvua inaweza kupoteza kiasi hicho kwa urahisi. Kwa megahezi 868, waya ulionyooka wenye urefu wa sentimita 8.6 ni antena halali kabisa ya robo ya wimbi. Kwa megahezi 433 urefu wake ni sentimita 17.3. Uwekwe wima, mbali na chuma, kwa mwelekeo ule ule wa antena ya mpokeaji. Na moduli isiwashwe kurusha ikiwa haina antena, kwa sababu nguvu iliyokosa pa kutokea hurudi na inaweza kukiunguza kikuza-mawimbi chake.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki anapaswa kuwa mwangalifu hasa kwenye masafa. Moduli za LoRa huuzwa kwa megahezi 433, 868 na 915, zikifanana kwa sura, na mara nyingi ya 915 ndiyo inayoonekana kwanza mtandaoni kwa kuwa imekusudiwa soko la Marekani, ambako vifaa vya aina hii vimepewa nafasi kati ya megahezi 902 na 928. Katika kanda yetu, kama ilivyo Ulaya, sehemu ya masafa hayo ni ya simu za mkononi: simu za GSM za 900 hurusha kuelekea mnarani kati ya megahezi 880 na 915. Anayerusha hapo anaingia kwenye njia ya watu wengine. Kabla ya kununua, asome masharti ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, iwe TCRA kwa Tanzania au Communications Authority kwa Kenya, kuhusu vifaa vya masafa mafupi visivyohitaji leseni. Huko Ulaya, kwenye kipande kinachotumiwa zaidi cha megahezi 868, kifaa hakiruhusiwi kukaa hewani zaidi ya asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Kwa SF12 hizo ni kama ujumbe 24 tu, na hata pale ambapo hakuna askari wa kukuhesabia, kukaa hewani muda mrefu kunawaziba majirani wanaotumia masafa hayo hayo.

Kuna watakaouliza kwa nini wasitumie tu laini ya simu, kwa kuwa mnara unaonekana pale ng'ambo. Swali hilo ni la haki. Moduli ya SIM800L huhitaji volti kati ya 3.4 na 4.4, na kwa vipindi vifupi sana vya chini ya milisekunde moja huvuta hadi ampea 2. Wengi huipa umeme kupitia waya mwembamba au regyuleta dhaifu, volti inaporomoka katika kilele hicho, moduli inajizima na kujiwasha upya bila kikomo, nao hudhani imeharibika. Kapasita ya maikrofaradi 1000 iliyowekwa karibu kabisa na pini zake, pamoja na waya mfupi na mnene, mara nyingi huponya ugonjwa huo. Kuhusu chaji, tukadirie kwamba kuamka, kujisajili kwenye mtandao na kutuma huchukua sekunde 30 kwa wastani wa miliampea 100. Hiyo ni miliampea-saa 0.8 kwa kila ujumbe. Kila robo saa ni balaa, karibu 80 kwa siku. Ujumbe mmoja wa asubuhi, kwa kisima kilicho kilomita 40 kutoka kwa mwangalizi wake, ni jambo la busara kabisa, na LoRa isiyo na kituo cha kupokea huko isingefanya hivyo.

Betri yenyewe nayo isichukuliwe kwa kuamini maandishi. Seli ya 18650 ya kuaminika huwa kati ya miliampea-saa 2000 na 3500. Zile zilizoandikwa 9900 zinadanganya. Betri ya CR2032 ina takriban 225, na inapochakaa upinzani wake wa ndani hupanda, hivyo inaweza kuendesha Bluetooth lakini haiwezi kuinua Wi-Fi wala LoRa inayorusha kwa nguvu zote, hata kama hesabu ya chaji inasema inatosha.

Kwa tangi letu la kilimani, basi, ningechagua LoRa ya megahezi 868 kwa SF7, maikrokontrola isiyo na bodi ya majaribio, regyuleta ya maikroampea chache, na transista ya kukikatia kihisi umeme kila kinapomaliza kupima. Kihisi kisisahaulike. Kile cha mawimbi ya sauti cha HC-SR04, ambacho pia hudai volti 5, huvuta karibu miliampea 2 hata kikikaa bure, na rezista mbili za kiloomu 100 zilizowekwa kupima volti ya betri huvujisha maikroampea 20 muda wote, mara nne ya usingizi wa kifaa kizima.

Kabla ya kukipandisha kilimani kipimwe mkondo wa usingizi, na hapa multimita ya kawaida inaweza kumpotosha mtu. Kwenye kipimo cha maikroampea mita nyingi huweka upinzani wa omu 100 hivi kwenye njia ya umeme. Kifaa kinapoamka na kudai miliampea 80, upinzani huo ungehitaji volti 8 peke yake, kwa hiyo kifaa huzimika na mita huonyesha tarakimu isiyo na maana. Njia ambayo imenisaidia ni kapasita ya maikrofaradi 1000, niliyokwisha kuichunguza kwanza kwamba haivujishi chaji ikiwa peke yake. Naiunganisha sambamba na betri, nasubiri kifaa kilale, naondoa betri, kisha nagusisha mita ya volti mara moja kila baada ya sekunde kadhaa, kwa sababu nayo huvuta kidogo. Volti ikishuka kwa 0.1 katika sekunde 20, kifaa kinalala kwa maikroampea 5. Ikishuka kiasi hicho kabla sijaweza hata kuusoma uso wa mita, kuna kitu kwenye bodi ambacho hakijalala, nami hurudi kukitafuta.